Chaguo Hilo Si Sahihi

Jumatatu, tarehe 10 Machi 2025, iliamka na manyunyu kutoka ziwani, na mawe ya Igogo yakawa yanateleza kama sabuni. Nilianguka mara mbili kabla ya kufika kazini. Nalitaja hilo ili msomaji ajue kwamba siku ilinionya mapema. Mimi ndiye sikusikia, kama kawaida yangu.

Kwa anayenikuta leo: naitwa Obedi Kashindye, mkazi wa Butimba, mume wa Dorotea. Kwa miaka kumi na tisa nilishona viatu. Nilipofika miaka arobaini na mitatu nikaanza masomo ya jioni ya kompyuta, katika chumba kilicho juu ya duka la magodoro. Wanafunzi wenzangu waliniamkia shikamoo kwanza, kisha wakaniomba niwapishe kwenye soketi. Leo ninaandika programu za simu zinazopita kwenye intaneti. Mungu ni mwema, na ana utani wake.

Mara ya mwisho niliwaachia pale ambapo simu yangu ilikuwa haijaita kwa siku tatu. Ijumaa kimya. Jumamosi kimya. Jumapili, siku ambayo wanakwaya hunipigia hata kuuliza rangi ya soksi, kimya kabisa. Nikapiga magoti nikamshukuru Mungu kwa kunipa utulivu katika Kwaresma.

Basi leo nawaeleza utulivu ule ulitoka wapi.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la nyavu. Mwenye kampuni ni Bi Shamsia, binti wa wafanyabiashara wa zamani wa mjini. Ana umri wa mdogo wangu wa mwisho, lakini mshahara wangu unatoka mkononi mwake, kwa hiyo tunaheshimiana kwa zamu.

"Shikamoo, mzee Obedi."

"Marahaba, bosi."

"Kuna mtu ametupa sifuri."

"Sifuri ya nini?"

"Alipiga Ijumaa kwenye mtambo wa majaribio. Alipomaliza, mtambo ukamtumia ujumbe atupe alama, moja hadi tano. Akatuma sifuri."

"Sifuri haipo. Mtambo utaikataa."

"Umeikataa. Ameituma mara sita."

Nikacheka. Nilisema, na maneno haya nitayajibia siku ya mwisho: "Kuna watu hawana kazi."

Bi Shamsia hakucheka. Alikuwa amefunga Ramadhani, mimi nimefunga Kwaresma, na ofisi nzima haikuwa na kikombe kimoja cha chai cha kutupatanisha.

"Jumamosi saa nne kamili asubuhi tunawasha," alisema. "Viongozi wa wakulima watakaa kwenye viti hivi hivi. Wewe utakaa pale, mkono kwenye kompyuta. Simu zote za mkononi zinaingia kwenye kikapu, na yako iwe ya kwanza. Mara ile ulipokea simu ya kwaya tukiwa katikati ya kazi."

"Sitaigusa."

"Hata akipiga nani?"

"Hata akipiga Malaika Gabrieli."

"Sema naahidi."

"Naahidi."

Kazi yenyewe ni hii. Umoja mmoja wa wakulima wa pamba ulitaka namba ambayo mkulima akipiga, mtambo unampokea na kumwelekeza: bonyeza hiki kwa mbegu, bonyeza kile kwa dawa. Sauti ya kwanza tuliyoikodi ilikuwa ya dada mmoja kutoka pwani, tamu kama tende. Wakulima waliojaribishwa walikata simu. Walisema inaonekana wamekosea wakapiga Unguja.

Ndipo nikaambiwa nirekodi mimi. Nilisali kwanza, kisha nikarekodi mara kumi na nne. Mara kumi na tatu nilisema "kalibu". Ya kumi na nne ndiyo iliyopita.

Jambo ninalolijua vizuri kuliko yote katika kazi hii ni ukimya. Sauti inayopita kwenye intaneti ikichelewa sekunde moja tu, aliye upande wa pili anadhani umesita. Zikiwa mbili, anadhani umekataa. Nimelipwa mwaka mzima kupunguza sekunde hizo. Kumbukeni hilo, litanirudia.

Saa tatu na nusu mlango ulifunguliwa. Akaingia mke wangu, kanga imelowa, mwavuli umegeuka ndani nje. Dorotea hajawahi kukanyaga ofisini kwangu. Husema kompyuta zina baridi.

"Mama Precious! Kuna msiba?"

"Upo. Nataka kujua kama marehemu ni wewe." Akamgeukia Bi Shamsia. "Samahani mwanangu, habari za asubuhi." Akanirudia mimi. "Umewafanya nini watu wa Kisesa?"

"Watu gani wa Kisesa?"

"Ukoo wa Shimba! Wazazi wa Elias! Mshenga wao, Mzee Chenge, alikupigia Ijumaa kuomba siku ya kuja. Wanasema umemjibu."

"Sijaongea na Mzee Chenge."

"Wanasema umemjibu kwa sauti yako, tena ya upole, kwamba chaguo lao si sahihi."

Niliyasikia maneno hayo yakishuka ndani yangu ngazi kwa ngazi.

"Chaguo lao..."

"Si sahihi! Na kwamba wachague tena!"

Bi Shamsia aliinua kichwa taratibu kutoka kwenye kompyuta yake.

"Mzee Obedi," alisema, "Alhamisi ulipokuwa unajaribu mtambo, ulitumia namba gani?"

"Ya kwangu. Nilielekeza simu zangu zote ziingie kwenye mtambo, nione kama..."

"Na ukairudisha lini?"

Msomaji, mpaka hapo tayari umeshanizidi akili. Sikuirudisha. Siku tatu zile simu yangu haikukaa kimya hata kidogo. Iliita kwenye mashine, na mashine ikapokea kwa sauti yangu.

"Ndiyo maana!" Dorotea alipiga paja. "Ijumaa nilikupigia ununue mchele, ukaniambia nibonyeze mbili kama nahitaji mbegu. Nikajua ni utani wako wa kizee."

Bi Shamsia alikuwa ameshaipata rekodi. Dakika nne na sekunde kumi. Akabonyeza, na mimi nikaanza kuongea wakati nimefunga mdomo.

"Karibu," nilisema kwenye spika, kwa upole wa mtu anayepokea wageni mlangoni mwa kanisa. "Simu yako ni muhimu sana kwetu."

"Eeh! Ahsante sana, Baba Precious!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee Chenge. "Na wewe ni muhimu sana kwetu. Habari za nyumbani?"

"Kama wewe ni mkulima, bonyeza moja."

"Mkulima ndiyo, si unanijua? Chenge wa Kisesa. Pamba heka nne, na dengu kidogo mwaka huu."

"Kama unahitaji mbegu, bonyeza mbili."

Mzee alicheka. "Mbegu tunayo sisi, mzee mwenzangu! Ndiyo hasa iliyonifanya nipige."

Bi Shamsia aliziba mdomo kwa mkono. Dorotea hakuziba chochote.

"Kama unahitaji dawa ya wadudu, bonyeza tatu."



"Wadudu," Mzee Chenge alirudia polepole. "Wadudu ni akina nani hapo?"

"Kusikia tena maelezo haya, bonyeza nyota."

"Sina haja ya kusikia tena. Nimesikia." Akakohoa, akajikaza. Mtu mwenye hasira za haraka hapewi ushenga. "Tuyaache hayo. Nimetumwa na ukoo wa Shimba. Kijana wao Elias, fundi wa injini za mitumbwi, ameona jiko kwako. Tumekaa kikao, tumemchagua Precious. Nakuomba siku ya kuja."

Hapo ikasikika tiii, fupi.

Simu ya Mzee Chenge ni kitochi, yenye vitufe vikubwa kama maharage. Huibana kati ya shavu na bega, na akichangamka, shavu linabonyeza. Safari hii lilibonyeza tisa. Tisa haipo kwenye orodha yangu.

"Chaguo hilo si sahihi," nilisema. "Tafadhali chagua tena."

"Unasemaje?"

Tiii.

"Chaguo hilo si sahihi. Tafadhali chagua tena."

"Si sahihi kivipi, Baba Precious? Kijana hanywi! Ana kazi yake! Boti zote za upande huu zikiharibika zinamwita yeye!"

Tiii.

"Umekosea mara tatu. Hatuwezi kuendelea kukuhudumia. Tunakutakia siku njema."

Ikakatika.

Manyunyu yaligonga bati. Niliwaza jinsi nilivyosali kabla ya kurekodi, kwamba sauti yangu iwafikie watu. Sala hiyo ilijibiwa haraka ajabu.

"Na zile sifuri sita," Bi Shamsia alisema kwa sauti ndogo, "ni za kwake. Kila alipotuma, mtambo ulimjibu kwa ujumbe."

"Ulimjibuje?" aliuliza Dorotea, ingawa alijua.

"Chaguo hilo si sahihi."

"Kwa maandishi," alisema mke wangu. "Mara sita. Baba Precious, hata mahakamani hawakatai mtu namna hiyo."

Simu yake ikaita. Alikuwa Precious, kifungua mimba wetu, ambaye anamalizia masomo ya ualimu. "Mpe baba," nilisikia akisema, na Dorotea akanipa simu kama mtu anayekabidhi nyoka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Sikiliza, ilikuwa mashine..."

"Sitaki habari za mashine. Baba, Elias amezima simu tangu Ijumaa. Nimepiga mpaka vidole vinauma. Dada yake anasema ameondoka na boti kwenda Ukerewe, na ameacha neno kwa wazee: kama baba wa Precious hamtaki, wamtafutie yeyote."

"Yeyote?"

"Ulisema wachague tena, baba. Wamechagua. Jana Mzee Chenge alikwenda kwenye nyumba nyingine, Igoma. Jumamosi wanapokelewa." Sauti yake ikapasuka. "Miaka mitatu, baba. Miaka mitatu nimemngoja amalize nyumba ya vyumba viwili, ili wewe usiseme hana pa kunilaza."

Akakata. Aliyekuwa na haki ya kukata alikuwa yeye.

Bi Shamsia alichukua ufunguo wa gari. "Mtambo ni wa kampuni yangu. Twendeni Kisesa. Saa nane niwe nimerudi."

Kabla ya kutoka niliirudisha simu yangu mahali pake, nikabonyeza nyota na namba za kufuta ule uelekezaji. Mara ikaanza kuita. Wa kwanza alikuwa padri. Aliuliza kwa nini ninamuuzia dawa ya wadudu.

Tulipita Igoma. Dorotea alikaa nyuma, akiitazama Igoma kupitia kioo kana kwamba nyumba zote ni za yule binti mwingine. Baadaye akasema:

"Mashine ilijifunza wapi maneno hayo?"

"Ni maneno ya kawaida ya kazi."

"Obedi."

Akiniita kwa jina langu, najua pombe ya jambo imeshachachuka.

"Jumatano ya Majivu," alisema, "ulikuwa chumbani unaomba. Nilipita na ndoo. Nilikusikia. Ulisema, 'Bwana, kama kijana huyu si chaguo sahihi kwa mwanangu, sema neno.' Siyo hivyo?"

Sasa, ndugu msomaji, wiki zote hizi umekuwa ukinihurumia. Nimekueleza nilivyoanguka, nilivyochekwa, nilivyosoma kwa mshumaa umeme ulipokatika. Leo lazima nikiri kitu kisichopendeza.

Ilikuwa kweli. Niliomba hivyo.

Sikumtaka Elias. Si kwa sababu ya ulevi, hanywi. Si kwa sababu ya imani, anasali kuliko watoto wangu wa kiume. Sikumtaka kwa sababu aliishia darasa la saba na mikono yake inanuka petroli. Nilitaka binti yangu mwalimu aolewe na mtu mwenye cheti.

"Wewe," alisema Dorotea, "uliyeanza shule na mvi! Wewe uliyerudi nyumbani miaka kumi na tisa unanuka gundi ya viatu, nikakuwekea maji ya kuoga bila kukuuliza cheti!"

Bi Shamsia aliangalia barabara kwa bidii nyingi mno. Mimi niliangalia viatu vyangu. Nilivishona mwenyewe, vilikuwa vizuri.

Kisesa tuliwakuta wazee saba barazani kwa Mzee Shimba, baba wa Elias. Walikuwa kwenye kikao. Cha nini, sikuuliza. Mama mmoja alianza kusema, "Kalibuni..." akamwona ni mimi, neno lake likarudi ndani.

Hatukupewa hata maji. Namshukuru Mungu kwamba mimi na Bi Shamsia tulikuwa tumefunga, hivyo adhabu hiyo ilimpata Dorotea peke yake.

"Shikamooni wazee wangu," nilisema.

Hakuna marahaba. Mzee Shimba, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu hata siku ya joto, alimtazama Mzee Chenge. Mzee Chenge ni mfupi, na mashavu yake, niliyaangalia sasa kwa jicho la fundi, ni mapana kweli.

"Kama umekuja kwa amani," alisema Mzee Chenge, "bonyeza moja."

Wazee wengine waliangalia chini.

"Kama umekuja kwa maneno, bonyeza mbili. Kama umekuja na dawa ya wadudu, wadudu wenyewe ndio sisi, anza kupulizia."

"Mzee Chenge, naomba nieleze..."

"Bonyeza kwanza!"

Nilibonyeza moja. Kwenye kiganja changu, mbele ya watu saba, mke wangu na mwajiri wangu. Mtu wa miaka arobaini na saba.

"Chaguo hilo si sahihi," alisema Mzee Shimba, bila hata kutabasamu.

Baraza lote lilipasuka kwa kicheko. Dorotea naye alicheka, na hilo nalikumbuka.

Bi Shamsia alisogea mbele. "Wazee wangu, shikamooni. Mimi ndiye mwenye ile mashine. Naomba mnipe dakika mbili, msikie kwa masikio yenu." Akaupigia mtambo kwa simu yake, akaweka spika, akaishikilia hewani. Mimi nikaambiwa niume midomo.

"Karibu," nilisema kutoka kwenye simu. "Simu yako ni muhimu sana kwetu."

Wazee walinitazama mdomo. Mmoja aliinama kuchungulia chini ya kidevu changu, asije akawa anadanganywa. Mashine ikaendelea na mbegu zake na wadudu wake, nami nikiwa nimeuma midomo mpaka ikauma. Bi Shamsia akabonyeza tisa.

"Chaguo hilo si sahihi. Tafadhali chagua tena."

"Yesu na Maria!" alisema mama aliyetaka kutukaribisha. "Ni yeye, na siyo yeye."

"Ndiyo hiyo iliyonijibu," alisema Mzee Chenge. Alishika shavu lake, kwani Bi Shamsia alikuwa ameshamweleza habari za shavu. "Kwa hiyo mimi nilikuwa naomba posa kwa redio?"

"Kwa mashine, baba," alisema Bi Shamsia. "Haijui ndoa wala Precious. Kampuni yangu inaomba radhi sana."

Nilianza kupumua. Niliona hata viti vikisogezwa, tukakaa. Nikasema moyoni, Bwana, umenitoa. Siku zote husema hivyo mapema mno.

"Ngoja," alisema Mzee Shimba.

Alinielekea mimi. "Mashine ni mashine, nimekubali. Nani aliifundisha kusema?"

"Mimi, mzee wangu."

"Sauti ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi sasa hakuna mashine. Tupo wewe na mimi. Kijana wangu Elias, kwa binti yako, ni chaguo sahihi au si sahihi?"

Swali lilikuwa rahisi. Jibu nililijua. Nilikuwa nimelijua tangu kwenye gari, tangu mke wangu alipotaja maji ya kuoga. Elias ni sahihi. Mbovu ilikuwa sala yangu.

Lakini kabla ya jibu kutoka, niliikumbuka ile Jumatano, majivu bado kwenye paji la uso, nami ninamsihi Mungu amkatae kijana kwa niaba yangu. Niliona aibu.

Sekunde moja.

Sekunde mbili.

"Ni sahihi," nilisema. "Ni sahihi kabisa, mzee wangu."

Ilitoka nzima, kila neno mahali pake. Ilitoka imechelewa.

"Mmesikia?" alisema Mzee Shimba kwa wenzake, kwa huzuni si kwa hasira. "Mmesikia ule ukimya?"

"Alikuwa anatafuta mtandao," alisema Mzee Chenge. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nilijaribu kueleza. Dorotea akaeleza vizuri zaidi yangu. Alisema mume wake ni mjinga lakini si mwongo, na kwamba Precious analia tangu jana. Mama wa Elias, ndiye yule aliyekuwa anatukaribisha, akaanza kufuta macho kwa upindo wa kanga. Wazee wakainamiana vichwa, wakanong'ona Kisukuma kwa haraka mno hata kwa sisi wenyeji.

Mwishowe Mzee Shimba alinyanyuka.

"Igoma tumeshatoa neno," alisema. "Kulirudisha ni aibu, na aibu hiyo sitaibeba kwa mtu anayesita. Lakini mwanangu namjua. Alimchagua huyu binti. Kwa hiyo nitakupa nafasi moja. Jumamosi Elias atakuwa amerudi, tutakuwa naye. Kabla hatujagonga mlango wa Igoma, Chenge atakupigia. Namba ileile, kitochi kilekile. Ukipokea wewe mwenyewe, Elias atapewa simu na utamwambia kwa mdomo wako, hapo hapo, bila kutafuta mtandao. Tutageuza gari. Ikipokea ile nyingine, au isipopokelewa, tunaingia Igoma na tusijuane tena."

"Ahsante, mzee wangu. Ahsante sana. Saa ngapi?"

"Igoma wanatungoja saa nne na robo. Chenge atapiga saa nne kamili asubuhi."

Wiki ina saa mia moja sitini na nane. Mzee alizipita mia moja sitini na saba, akaichukua hiyo.

Niligeuza macho kidogo. Bi Shamsia, mgeni, mfungaji, mwenye kikapu cha simu, alikuwa ananitazama. Mguu wake, chini ya kiti, ulinikanyaga kiatu kwa uzito wa viongozi wote wa wakulima wa pamba. Upande wa pili Dorotea alinishika mkono akabana. Nilikuwa katikati ya ahadi mbili, na ya kwanza niliitoa asubuhi hiyo hiyo kwa jina la Malaika Gabrieli.

Ningeweza kuomba saa tatu. Ningeweza kuomba saa tano. Kuomba kunataka kufikiri, na kufikiri kunachukua sekunde mbili.

Mzee Shimba alikuwa anahesabu. Niliiona midomo yake.

Nikasimama, nikavua kofia.

"Mimi Obedi Kashindye," nilisema, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, "mbele ya Mungu, mbele ya mke wangu, mbele ya bosi wangu, na mbele yenu wazee wangu wote, naahidi: Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, simu hiyo nitaipokea mimi, kwa mdomo wangu, kabla haijaita mara ya pili."